Unakusudia Kurudi Wapi?

Mwezi wa Agosti 2024 nilikuwa mgeni wa mdogo wangu katika jimbo la Minnesota, huko Marekani. Alikwenda nchi ile mwaka 1984 kwa masomo, masomo yakazaa kazi, kazi ikazaa familia, na miaka arobaini ikapita. Sasa alikuwa amestaafu kazi yake ya maabara hospitalini. Siku niliyofika nilikuta masanduku yamejaa ukumbini, nikadhani wanahamia nyumba nyingine. Kumbe nyumba walikwisha kuiuza, na walikuwa wanahamia garini.

Msomaji asidhani wamefilisika. Wamarekani wengi waliostaafu hufanya hivyo kwa hiari yao. Hununua gari kubwa mfano wa basi, lenye kitanda, jiko, choo na bafu, wakazunguka nalo nchi nzima: majira ya baridi wako kusini, majira ya joto wako kaskazini. Mimi naliita gari-nyumba. Mdogo wangu na mkewe walikuwa na moja kuukuu la kujifunzia, na walikusudia kununua jipya la dola 120,000.

Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliuliza: "Sasa barua zako zitakwenda wapi?"

Akacheka. "Kaka, hapo ndipo penye kazi. Mtu hawezi kuishi barabarani tu. Lazima achague jimbo."

Jioni ile alinieleza, na kwa kuwa nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nilichukua daftari nikaandika. Sheria ya kule hutofautisha mahali mtu anapokaa na mahali ambapo ni kwake. Unaweza kuwa na mahali pengi pa kukaa, lakini kwako kisheria ni pamoja tu, na pale pa zamani hapafutiki mpaka upate papya. Kwako ndiko kunakoamua leseni yako ya udereva inatoka wapi, gari lako linasajiliwa wapi, unapiga kura wapi, unaitwa wapi kuwa mzee wa baraza mahakamani, na ukifa mirathi yako inafuata sheria ya nani. Kodi ya serikali kuu inakufuata popote, lakini kodi ya jimbo hutegemea jimbo. Minnesota hutoza kodi ya mapato. South Dakota, Texas na Florida hazitozi kodi hiyo kwa mtu binafsi. Ndiyo maana wasafiri wa magari-nyumba wengi sana huyachagua majimbo hayo matatu.

"Na Minnesota hawatakudai pensheni uliyoichuma kwao?" nilimuuliza.

Alinijibu kwamba zamani baadhi ya majimbo yalifanya hivyo, yakimfuata mstaafu hata akihamia mbali, lakini mwaka 1996 ilitungwa sheria ya shirikisho iliyoyakataza kutoza kodi pensheni ya mtu aliyekwisha kuhama. Sharti ni kwamba uwe umehama kweli. Ukibakiza leseni, daktari na kanisa kule ulikotoka, wakaguzi wa kodi wana haki ya kuuliza kama umehama au umejificha.

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. South Dakota hutoza asilimia 4 ya bei ya gari linaponunuliwa. Texas hutoza asilimia 6.25. Kwa gari la dola 120,000, hiyo ni dola 4,800 dhidi ya dola 7,500. Isitoshe, South Dakota ilikuwa karibu, mwendo wa saa nne tu. Msafiri anayetaka kuwa mkazi wake hupanga sanduku la barua kwenye ofisi binafsi ya kupokea na kusambaza barua, hulala usiku mmoja ndani ya jimbo, hupeleka stakabadhi ya malazi pamoja na hati ya kiapo, akapewa leseni ya miaka mitano. Usiku mmoja! Nilidhani ananitania.

Shemeji yangu alikuwa jikoni akikaanga maandazi ya safari. Hakusema neno, lakini nilisikia upawa ukigonga karai kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tulisafiri siku ya Jumatatu, kusini kwanza, kisha magharibi, katikati ya mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Tulifika Sioux Falls alasiri. Mji ule umepewa jina kwa maporomoko ya mto, maji yakishuka juu ya mawe yenye rangi ya waridi. Tulilala kwenye kambi ya magari-nyumba, tukalipa, tukapewa stakabadhi. Niliishika mkononi nikaitazama. Karatasi ndogo, kama ya kununulia sabuni, na hiyo ndiyo ingekuwa ushahidi kwamba mdogo wangu ni mwenyeji. Kwetu mtu huweza kupanga nyumba miaka ishirini, akazika watoto, akajenga msikiti au kanisa pamoja na majirani, na bado akaulizwa, "Hivi wewe kwenu hasa ni wapi?"

Asubuhi alitandaza fomu mezani garini, akazijaza moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye hati ya kiapo. Hapo kalamu ikasimama. Hati ile inamtaka mtu athibitishe mambo machache, na mojawapo ni kwamba jimbo lile ndilo analokusudia kurudi kila anapokuwa hayupo.

"Kaka," alisema, "hapa niandike nini?"

Najua nilivyopaswa kujibu. Nilipaswa kusema, "Hilo ni lako, mimi ni mgeni." Badala yake alisema mwalimu mkuu aliyemo ndani yangu. Nilimwambia kwamba kiapo ni kiapo, kwamba hajui mtu hata mmoja katika mji ule, kwamba kuapa kuwa utarudi mahali ulipolala usiku mmoja kwa ajili ya dola 2,700 ni uongo uliopigwa mhuri. Nikaongeza methali, kama tufanyavyo tunapotaka kushinda: mkataa kwao mtumwa.

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, bila hasira, "Kaka, mwaka jana wewe ulilala Usangi usiku mangapi?"

Nilinyamaza. Ni manne. Mawili ya msiba, mawili ya Krismasi.

Lazima nieleze. Tumezaliwa Usangi, katika milima ya Upare. Niliondoka huko kijana kwenda chuo cha ualimu, na tangu siku niliyopewa cheti sikurudi kuishi. Serikali ilinipeleka ilikotaka: Dodoma, Mwanza, Lindi, Morogoro. Kila barua ya uhamisho ilikuja na lori, na kila lori lilibeba vitanda vilevile, kabati lilelile na kuku wachache zaidi. Nyumba zote nilizoishi zilikuwa za shule. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, niliwaona wananchi wakihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, na nikawahurumia wazee waliolia kwa kuacha makaburi. Sikujiona kwamba mimi nami nilikuwa mtu wa kuhamishwa, ila tu nililipwa posho. Nilipostaafu nilijenga Morogoro, kwa kuwa mke wangu alikuwa na kazi pale na wajukuu walikuwa karibu. Mwenyekiti wa mtaa ananijua. Jina langu limo katika daftari la wapiga kura la pale. Shida zangu zote zinatatuliwa na majirani wa pale. Lakini mtu akiniuliza kwetu ni wapi, husema Usangi kabla hajamaliza swali.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na stakabadhi ya usiku mmoja, na mimi nilikuwa na ya usiku manne. Tofauti yetu haikuwa kubwa kama nilivyodhani.

"Mimi nisemeje?" aliendelea. "Nikisema ukweli wa moyoni, ninakokusudia kurudi ni Usangi. Lakini nilipochukua uraia wa huku nilipoteza wa kule. Nikienda naomba viza. Fomu hii haina nafasi ya kuandika Usangi."

Ndipo shemeji aliposema, kwa mara ya kwanza tangu safari ianze. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa begani.

"Nyinyi wawili mnabishana juu ya mahali mlipozaliwa na mahali pasipo na kodi. Hakuna anayeuliza mtu atakapougua tutakwenda wapi. Mimi najua nitakwenda wapi. Nitakwenda kwa binti yangu."

Binti yao yuko Houston, Texas, na mume wake na watoto watatu. Katika mji ule wako Waswahili wengi, na shemeji, ambaye ni mtu wa Tanga, ana dada zake wa chama cha kuzikana huko kuliko alivyokuwa nao Minnesota kwa miaka yote. Kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwa Houston kuna mji mdogo uitwao Livingston. Hapo ndipo makao ya Escapees, chama cha wasafiri wa magari-nyumba kilichoanzishwa mwaka 1978. Chama hicho kina huduma ya barua kwa wanachama wake, na pia kina mahali ambapo msafiri aliyezeeka au kuugua huegesha gari lake akaendelea kuishi humo, huku akipata chakula na msaada wa kila siku. Shemeji alikuwa amesoma habari zote hizo miezi mingi kabla. Alikuwa akingoja wanaume wamalize hesabu.

Mdogo wangu alijitetea kidogo. Alisema mambo ya matibabu hayategemei jimbo, kwa kuwa bima ya serikali kuu ya wazee wenye miaka 65 na zaidi hutumika nchi nzima.

"Bima inalipa daktari," shemeji alijibu. "Nani atakuletea uji?"

Kulikuwa na jambo jingine tena, ambalo yeye mwenyewe alilikumbuka tulipokuwa tunakunywa chai. Novemba ile kulikuwa na uchaguzi wa rais. Tangu awe raia hajakosa kupiga kura hata mara moja; huvaa suti siku hiyo. Sasa South Dakota ilipitisha sheria mwaka 2023 inayomdai mtu awe amekaa jimboni siku 30 kabla ya kujiandikisha kuwa mpiga kura. Kwa leseni, usiku mmoja unatosha. Kwa kura, hautoshi. Wasafiri wengi waliikasirikia sheria ile, nao wana hoja: mtu asiyeweza kupiga kura hapo alipo, na ambaye hana mahali pengine, amenyang'anywa haki. Lakini mimi niliwaelewa pia wenyeji. Kila kijiji hupenda kujua kama anayechagua mwenyekiti atakuwepo mvua ikibomoa daraja.

Aliikunja hati ya kiapo bila kuitia sahihi. Hakunitazama, na mimi sikusema neno, maana nilikuwa nimekwisha kusema mengi kupita haki yangu. Tulikaa Sioux Falls usiku wa pili, kwa ajili ya maporomoko tu, kisha wakanirudisha Minneapolis nikapanda ndege. Wao walielekea Texas. Dola 2,700 walizilipa, na aliniandikia kwamba zilimuuma kwa wiki mbili.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya swali lile la kwenye hati. Mwanzoni nililicheka, nikaona wanasheria wamechukua jambo la damu na udongo wakaligeuza kuwa kisanduku cha kutia alama. Sasa naona kwamba waliotunga sheria ile waliuliza vizuri kuliko sisi. Hawakuuliza ulizaliwa wapi. Hawakuuliza hata unakaa wapi. Waliuliza unakusudia kurudi wapi, kisha wakataka ushahidi kwamba kusudi hilo si maneno matupu: leseni, kura, gari, daktari, wosia. Kusudi lisilogharimu kitu ni sawa na salamu.

Mimi nimekusudia Usangi kwa miaka hamsini na zaidi, na sikuligharimia kusudi hilo ila nauli ya misiba. Shamba la baba linalimwa na binamu yangu. Kahawa anaipogoa yeye, ng'ombe anawakatia majani yeye. Kila mwaka nilipokuwa nikifika na begi langu dogo, alinipisha kitanda chake, na mimi nilikilalia kama mwenye mji.

Pasaka ya mwaka 2025 nilikwenda nikakaa siku kumi na mbili. Niliita wazee wa ukoo, nikasema mbele yao kwamba sehemu yangu ya shamba iwe ya binamu anayelilima, na tukaliandika mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nikasema pia kwamba nitakapokufa nizikwe Morogoro, mahali ambapo mke wangu na wajukuu wanaweza kufika kwa miguu. Mzee mmoja aliniuliza kama nimewakataa. Nilitaka kumjibu kwa hoja, nikashindwa. Nilimwambia tu kwamba hapana, ila nimechoka kumlaza binamu yangu sakafuni.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu. Alikuwa ameegesha gari lake kwa binti yake, na nilisikia watoto wakigombana nyuma yake kwa Kiingereza na shemeji akiwagombeza kwa Kiswahili. Nilimweleza niliyoyafanya. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Basi nikija," alisema mwishowe, "nitafikia wapi?"

"Morogoro," nilimwambia. "Ukitaka Usangi nitakupeleka, na tutapiga hodi."