Swali la Kwanza Lilikuwa Nauli

Niwaambie ukweli wangu: kabla sijajua katiba yasema nini, nilijua semina gani hulipa nauli.

Nishaacha chuo mwaka wa pili, niko tu Kibokoni. Beshte anapiga simu: "Kuna kikao cha demokrasia hotelini, nauli elfu moja." Naenda. Nasaini, napigwa picha, nala biriani, narudi. Mara tatu hivyo. Pesa ni za wafadhili wa ng'ambo, na mimi ni jina kwenye orodha ya vijana waliofunzwa haki zao. Majibu nilikariri. Kuuliza sikujifunza.

Juni 2024 ikaja na Mswada wa Fedha. Hakuna hoteli, hakuna biriani. Usiku barazani mmoja kaufungua kwenye simu, tunausoma kifungu kwa kifungu. Mzee wa kahawa akasimama na dele lake: "Na boflo je, wanangu?" Tukamwambia: wanataka kuitoza kodi ya asilimia 16. Akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa haya twende tukamwambie nani?"

Semina zote tatu, hakuna aliyeuliza hivyo.

Kodi ya boflo iliondolewa kabla mswada haujapita. Tarehe 25 vijana wenzetu wakauawa Nairobi. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Julai, serikali ikaiandikia Ford Foundation ikitaka maelezo, ikidai pesa zake zilichochea maandamano. Shirika likakana. Sisi tulicheka, manake hata bando tulichangishana.

Halafu 2025: Januari Marekani ikasimamisha misaada, Julai 1 USAID ikafungwa rasmi. Kuna walioshangilia mtandaoni, "Afadhali!" Mimi sikushangilia. Mtu akikamatwa usiku anahitaji wakili, na wakili pia ana watoto. Waliotekwa lazima kuwe na mtu wa kuandika majina yao na kufuatilia. Kazi hizo hazifanyiki kwa kuchangishana bando.

Kwa hivyo sisemi wafadhili waende zao. Nasema pesa zibadilishe njia. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi, lakini makaratasi ya bajeti mengi huja kwa Kiingereza ambacho mzee wa kahawa hakisomi. Lipieni tafsiri. Lipieni mawakili. Wekeni hesabu wazi, kila shilingi na aliyeipokea, ili kesho mtu asituambie tumenunuliwa. Na kabla ya kupanga chochote, njooni mkae barazani msikilize twauliza nini. Kahawa tutawanunulia sisi.

Na sisi pia tujiangalie. Ukiitwa kikao tena, swali la kwanza lisiwe "nauli ngapi?" Liwe lile la mzee: haya tukamwambie nani?

Mimi bado namtafutia jibu. Wewe mtaani kwenu ungempeleka wapi?