Saa Nane za Usiku

Kwetu ni Kitomanga, mkoani Lindi, kando ya barabara kuu itokayo Kilwa kwenda Lindi mjini. Msafiri atokaye kaskazini huuvuka mto Mbwemkuru, akaipita minazi na mikorosho, na aghalabu huwa ameshasinzia anapotupita sisi. Huko nilizaliwa, na huko anaishi mama yangu. Mimi na mke wangu tunaishi Dar es Salaam, ambako kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta.

Kazi hiyo imenitia maradhi, nami sioni haya kuyataja. Napenda vidude. Nina saa ya mkononi inihesabiayo hatua, nina taa ijiwashayo giza liingiapo, nina betri za akiba za kutosha kuangaza harusi, na nina kabati lililojaa nyaya za simu ambazo zenyewe zilikwisha kufa zamani. Mke wangu hajapata kuzitupa. Siku moja nilikuta amezifunga moja moja kwa uzi, kila moja na kikaratasi cha plasta alichokiandika kwa mkono wake: hii ya simu ya kwanza, hii ya redio, hii sijui muulize mwenyewe. Mwanamke mwingine angaliuliza fedha zilikwenda wapi. Yeye aliuliza tu kama nyingine zinakuja, apate kuziandalia mahali.

Idi el-Fitri ya mwaka 2024, iliyoangukia tarehe 10 Aprili, tuliila Kitomanga. Mama alikuwa ameandikiwa vidonge vya shinikizo la damu: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Maneno hayo yaliandikwa juu ya bahasha ndogo ya dawa, kwa kalamu, nami nilipoyaona mikono iliniwasha. Nilikaa barazani Idi Pili, kompyuta mapajani, nikamtengenezea Mama programu ya kumkumbusha. Sikutaka king'ora. Nilijirekodi: "Mama, wakati wa dawa." Nikaitia katika simu niliyomnunulia, nikaijaribu mchana mbele ya shangazi na majirani, ikaita vizuri, watu wakacheka kwa furaha, nami nikarudi mjini na kifua kipana.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo msomaji wa mwambao analijua, ila pengine hajapata kulitazama. Saa yetu huanza na jua. Jua likichomoza siku imezaliwa, na baada ya saa moja huwa ni saa moja. Mtoto haambiwi zaidi ya hapo. Wahabeshi nao huhesabu hivyo. Kitomanga iko takribani nyuzi kumi kusini ya Ikweta, na jua la huko, mwaka mzima, halipotei mbali na saa kumi na mbili. Kompyuta haina jua. Mashine nyingi huhesabu sekunde tangu saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Kwetu wakati huo ilikuwa saa tisa za usiku na watu wamelala, wasijue kwamba wakati wenyewe ndio kwanza unaanza. Na hizo ni saa tu. Sisemi habari ya siku, maana wiki yetu huanza Jumamosi, ikafika Jumatano ambayo ni ya tano, ikafuatwa na Alhamisi ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Tuna tano mbili wala hatuna sita. Jaribu kumweleza mashine.

Wazee wetu walipoletewa saa za ukutani zenye hesabu ya Kizungu hawakuzigeuza. Waliusoma mshale mfupi kwa mkia wake: kichwa kikielekea nane, mkia hulala upande wa mbili, basi ni saa mbili. Mama husoma hivyo hadi leo, na ukimwuliza saa humwona akiangalia kona ambayo wewe huiangalii. Simu haina mkia. Inaandika namba, na namba ikishaandikwa haina upande wa pili.

Basi kosa langu lilikuwa hili. Kwa saa za mchana niliiamuru programu iongeze sita, ili saa 2 asubuhi ya bahasha iwe saa nane ya mashine. Sehemu ya usiku nilikuwa na haraka, pilau imekwisha kupakuliwa, nikanakili kipande nilichokuwa nimekiandika kwa kazi nyingine, ya watu wahesabuo kutoka usiku wa manane. Katika kipande kile, "2 usiku" ni saa mbili baada ya usiku wa manane. Kwetu huitwa saa nane. Nami nilikuwa nimeijaribu mchana.

Mwishoni mwa Aprili mke wangu alikwenda kumtazama Mama kwa wiki moja. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, kikatua Mafia, na mvua iliyoandamana nacho ikakata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Wiki moja ikawa wiki nyingi. Usiku wa mvua bati hupiga kelele hata mtu hasikii kikohozi chake mwenyewe, kwa hiyo hakusikia kitu. Mvua ilipotulia, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12, aliamka kwa sauti ya mumewe. Nilikuwa chumba cha pili, nasema, "Mama, wakati wa dawa."

Amenisimulia mara nyingi, na kila mara husita hapo. Akasikia kitanda kikilia. Akamsikia Mama akiitika, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja: "Labeka, mwanangu." Kibiriti, taa, maji katika kikombe. Kisha Mama akatawadha, akaswali rakaa mbili, akaomba dua ndefu ambayo ndani yake nilitajwa mimi kwa jina, macho yangu, kazi yangu ya usiku, na wale wanaonikalisha macho. Mke wangu alilala akiwa amefumba macho, asijue kama aingie au asiingie. Hakuingia.

Asubuhi alimwuliza. Mama akashangaa kuulizwa. Bahasha imesema saa mbili, simu imeandika mbili, mwanangu ameita. Ni nani wa kubisha? Yeye aliona ni usiku mno, lakini alidhani ndiyo saa ninayokuwa macho mjini, nafanya kazi, nikamkumbuka. Mwezi mzima alikuwa akiinuka kwa sababu alidhani nimemwita.

Mke wangu alitaka kunitumia maelezo yote kwa sauti kupitia intaneti. Siku hiyohiyo nyaya za chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki kote. Barabara imekatika, nyaya zimekatika. Ilibaki simu ya kawaida, ya kuongea.

"Baba," aliniambia, "ile uliyomwekea Mama, ulimwekea dawa au ulimwekea tahajudi?"

Nilicheka. Kisha akanieleza, nikakaa chini.

Nilianza kusema namna nitakavyorekebisha: nahitaji mtandao, nahitaji simu ya Mama iwe imewashwa, nahitaji hiki na kile. Aliniacha nikamaliza. Kumbe asubuhi ileile alikwisha kuinyamazisha simu, na amemwambia Mama kidonge cha usiku akimeze akitoka kuswali Isha, kwani akimaliza nyiradi zake huwa ni saa mbili haswa. Msikiti wetu hauhitaji betri. Kisha alimchukua Mama wakaenda zahanati kupimwa. Presha ilikuwa imepanda, si kwa kutisha, lakini imepanda, na mhudumu akauliza dawa zilikuwa zikimezwa vipi.

Mke wangu alijibu, "Tulikosea saa."

Sikuwapo. Hayo niliyapata kwa Mama baadaye, naye aliyataja kwa kupita tu. Mimi huishi kwa kutafuta kosa la herufi moja katika maelfu ya mistari; najua uzito wa kitu kidogo kikiwekwa mahali pake. Angaliweza kusema "alikosea", na ingalikuwa kweli tupu. Aliweka "tu". Katika ndoa yetu yote sijui kama nimepata zawadi iliyo fupi kuliko hiyo, na wala hakuitoa mbele yangu nipate kuiona.

Intaneti iliporudi nilisahihisha. Mstari mmoja. Niliujaribu asubuhi, mchana, jioni na usiku wa manane, mara tatu tatu, jambo ambalo ningalifanya tangu Idi Pili. Barabara ilipopitika mke wangu akarejea, na ufuta wa kilo tano, na daftari ambamo ameandika siku kwa siku vipimo vya Mama na saa alizomeza dawa, kwa saa zetu.

Usiku wa kwanza, tukiwa tunakula, alisema, "Mama anauliza kama ile ya usiku wa manane umeifuta kabisa."

Nikasema nimeifuta.

"Anasema dawa ni sawa hivi ilivyo sasa, hana neno. Ila alikuwa amekwisha kuzoea kuitika."

Nilinyamaza. Nikasema naweza kuirudisha, bila ya dawa, lakini haifai mgonjwa kuamshwa saa nane.

"Weka saa kumi na nusu," alisema, "awe amelala vya kutosha, na Alfajiri imekaribia."

Nikamwuliza nirekodi maneno gani. Alifikiri, huku akiokota mifupa ya samaki katika sahani yangu na kuihamishia kwake.

"Sema 'Mama'," alisema, "kisha unyamaze."