Mombasa: Baraza Zilipokosa Watu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mombasa kwa basi hupita Tanga, akavuka mpaka wa Horohoro, kisha akafika Likoni, ambako feri humvusha pamoja na mamia ya watu waendao makazini. Mwandishi wa makala haya alifanya safari hiyo hivi karibuni, na siku ya pili akaelekea Mji wa Kale, mtaa wa vichochoro vyembamba ulio jirani na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Mgeni hudhani kwamba fahari ya mtaa huo ni milango yake ya nakshi. Wenyeji watamwambia kuwa ni baraza zake. Baada ya sala ya alasiri wazee hutoka na kuketi mbele ya nyumba, naye muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe. Hapo huzungumzwa habari za ndoa, za misiba, na za bei ya samaki. Asiyeonekana barazani siku mbili huulizwa. Siku ya tatu hugongewa mlango.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulithibitishwa nchini Kenya mwezi Machi, na mwezi huo huo ibada za pamoja zikasimamishwa, watu wakakatazwa kutoka nje usiku. Mei 6, Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kwa sababu ya kuongezeka kwa maambukizi, hapana ruhusa ya kuingia wala kutoka Mji wa Kale, na vivyo hivyo Eastleigh mjini Nairobi. Amri ya siku 15 ikaongezwa hadi Juni 6. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Tarawehe ikasaliwa majumbani, na Idi ikafika bila ya watu kukumbatiana.

Sisi wa Tanzania tulifungiwa shule mwaka ule, lakini hatukuamriwa kukaa ndani. Kwa hiyo nilitaka kusikia kwa aliyeyaona.

Mzee mmoja aliyepita umri wa miaka 70 alinikaribisha barazani pake. Mkewe alifariki katika siku hizo kwa maradhi ya moyo yaliyomsumbua kwa muda mrefu.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nimezika watu wa mji huu tangu ujana wangu. Siku yangu ilipofika, wazikaji walikuwa wa kuhesabu. Hapakuwa na tanga wala hitima. Wenzangu walikuwa hapo ng'ambo ya kichochoro, na hawakuweza kuja kunipa mkono."

Nyumbani mwake hakuwa peke yake. Walikuwamo mwanawe, mkwewe na wajukuu. Lakini mwanawe alikuwa ameachishwa kazi katika hoteli ya watalii, naye akawa hasemi. Nyumba ilijaa watu, na kila mmoja alikuwa na kimya chake. Mzee akakosa usingizi, akaacha chakula, na mwisho akaanza kusema kwamba hana faida tena kwa mtu yeyote.

Aliyeng'amua hatari hiyo ni mkwewe. Alimwendea muuza kahawa, aliyekuwa jirani yao na ambaye wakati huo hakuwa na mnunuzi, akamwomba apite kila jioni chini ya dirisha. Yule bwana akasimama mbali kama ilivyoagizwa, akagonganisha vikombe vyake vitupu na kumwita mzee kwa jina. Siku tatu hakujibiwa. Siku ya nne dirisha likafunguliwa. Baadaye mwanawe alimpeleka hospitali, na huko wakaambiwa kwamba huzuni yake ilikuwa imegeuka kuwa ugonjwa, nao una tiba.

Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Alikaa kimya kidogo. "Niliona haya. Mtu mzima aseme kwamba analia usiku?"

Haya hiyo haikuwa yake peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na upweke ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Wahenga walikwisha kusema: upweke ni uvundo.

Ndugu msomaji, huenda kufungwa kwa mitaa kulihitajika ili kuzuia ugonjwa. Lakini mitaa ilipofunguliwa, si mioyo yote iliyofunguka pamoja nayo. Katika nyumba zetu wamo waliozika bila matanga, na waliopoteza kazi wakanyamaza. Tusingoje waseme. Tuwaulize, tuwasikilize, na panapobidi tuwafikishe kwa mganga kama tumpelekavyo mwenye homa.

Jua lilikuwa linashuka nilipoaga. Mzee hakunisindikiza mbali, kwani mwenziwe mmoja hakuwa ameonekana barazani tangu juzi. Alichukua bakora yake, akaingia kichochoroni kwenda kumgongea mlango.