VOKSI YA BABU WA STAA WETU: NYEUPE AU BLUU?

Jina sitaji, msinisumbue inbox. Ni dada wa Bongo Fleva, kazaliwa hapahapa Mwanza, na ngoma zake mnazicheza kwenye kila harusi. Miezi kadhaa sasa anaifufua Voksi ya marehemu babu yake, ile ya mgongo wa kobe, kwenye gereji moja ya Nyakato. Mpango wa kwanza ulikuwa rangi ya pinki, viti vya kitenge, halafu video. Shangazi yake akagoma: gari irudi kama ilivyokuwa au isiguswe kabisa. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta ilikuwaje.

Kadi hakuna. Namba ni zile za zamani za kuanzia na TZ, hazikunisaidia. Fundi akasema, "Nyanyua kiti cha nyuma." Aisee hii gari ina vituko: injini nyuma, buti mbele, betri chini ya makalio ya abiria! Bati la pale lilishaliwa na asidi, ila kwenye nundu ya katikati namba ya chasisi ilikuwepo. Tukasugua kwa brashi na mafuta ya taa, ikatokea 116 halafu tarakimu nyingine sita. Kuanzia Agosti 1964 Volkswagen waliandika hivyo: 11 ni aina ya gari, inayofuata ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo ni modeli ya 1966, iliyotengenezwa kati ya Agosti 1965 na Julai 1966. Ndiyo modeli iliyoleta injini ya 1300. Umeme wake ni volti 6, ndo maana redio aliyoifunga mjomba mmoja haikuwahi kuimba.

Kwa nini babu alipenda Voksi? Wazee wa zama zile walikuwa na sababu. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Voksi ilibeba ushindi 1954, 1957 na 1962. Injini inapozwa na upepo, haina rejeta, haikuombi maji porini. Kwa barabara za wakati ule, hiyo siyo sifa ndogo.

Viti ndo vilinishangaza. Tulipochana ile ngozi ya bandia tukakuta springi na nyuzi za kahawia, ngumu, zimeshikamana kama kiota. Kumbe ni makumbi ya nazi! Mjerumani alikalia makumbi wakati sisi leo tunajaza sponji ya godoro. Staa wetu akasema basi makumbi yarudi, hata kama yataagizwa kutoka pwani.

Sasa rangi. Familia nzima inaijua bluu. Shangazi anakumbuka miaka ya shida ya mafuta, ilipokatazwa kuendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Babu alikuwa anaiosha, anakaa ndani na gazeti mpaka jua linazama. Gari haiendi popote, mzee katulia kwenye usukani.

Fundi akasugua sehemu ndogo kama sarafu, karibu na mlango. Juu bluu, chini yake nyeupe. Tukachungulia nyuma ya dashibodi, ambako hakuna anayepaka rangi mara ya pili: nyeupe tupu. Halafu ile bluu ina michirizi ya brashi, nene, haikupulizwa. Fundi akacheka, "Hii ni rangi ya mitumbwi." Shangazi aliposikia akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, baba alikuwa na rafiki zake wavuvi pale Kirumba. Hiyo ndiyo rangi aliyoipata."

Kuna jumba la makumbusho la Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani. Ukiwatumia namba ya chasisi wanatafuta kwenye kumbukumbu za kiwanda, wanakupa cheti: siku ilipotengenezwa, rangi ya kwanza, viti na nchi ilikopelekwa. Staa katuma, tunasubiri. Ye anataka kufuata cheti. Shangazi anasema Wajerumani hawakumjua baba yake.

Mimi niko na shangazi. Viti vifuate kiwanda, maana vya babu vimeoza, lakini nyeupe ile hakuna hata mtu mmoja wa ukoo aliyewahi kupanda ndani yake. Pinki imeshakufa, hilo wamekubaliana. Fundi naye anasema bluu au nyeupe kwake sawa tu, yeye anadai hela ya bati la sakafu kwanza.