Bibi Aliuliza, Sisi Tukanyamaza

Jirani yangu hapa Leicester, mzee aliyevuka miaka sabini, aliniomba nimsindikize kwa mwanasheria. Mkononi alishika nakala ya wasia wa baba yake. Alitaka kujua jambo moja tu: fungu lake ni kiasi gani.

Akaambiwa kwa upole kwamba hana fungu. Baba aliiweka mali mikononi mwa wadhamini, akataja wanawe na wajukuu, kisha akawaachia wadhamini hao waamue nani apewe, lini, na kiasi gani. Mpaka waamue, alicho nacho mzee ni haki ya kufikiriwa.

Mzee alinyong'onyea. Mimi nilikumbuka Kinole.

Kwetu, kwenye miteremko ya Uluguru yenye migomba na mikarafuu, shamba la ukoo si la mtu mmoja. Ni la tombo, yaani watu waliotoka kwa mama mmoja. Neno lenyewe kwa Kiluguru ni ziwa la mama. Mjomba ndiye mgawaji. Kuzaliwa na mama yule kunakupa nafasi ya kufikiriwa, ila kipande gani utalima, anasema yeye. Mwaka mmoja alimpa binamu yangu bonde zuri la karibu na kijito, na wengine tukapata mawe. Bibi, dada yake mkubwa, akamuuliza mbele ya watu wote: "Kwa nini?" Mjomba akasimama akaeleza: binamu ana watoto wanne na mume ameondoka. Wengine walinuna, lakini kila mtu aliondoka na sababu.

Uingereza sababu hiyo huenda usiipate. Mwaka 1964 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya familia ya Londonderry, ilisema wadhamini hawalazimiki kuwaeleza wanufaika kwa nini waliamua hivi au vile. Mwaka 2003 Baraza la Faragha, likiamua kesi ya mtoto wa tajiri wa mafuta wa Urusi, likasema hata kuziona nyaraka za amana, yaani mali iliyo mikononi mwa wadhamini, ni ombi ambalo mahakama hulipima. Hapo naona Kinole tumewazidi.

Wao wametuzidi kwenye hesabu. Mdhamini anaweza kukunyima sababu, lakini kukunyima hesabu ni vigumu sana, maana kutunza hesabu ndiyo kazi yake ya kwanza. Jirani yangu aliandika barua moja. Baada ya wiki chache akaletewa makaratasi ya mwaka baada ya mwaka, mpaka gharama ya kuziba paa.

Nilipoyaona makaratasi yale nilipatwa na uchungu. Baba yetu aliacha nyumba Kihonda, mjini Morogoro, ina wapangaji. Kikao cha ukoo kilimpendekeza baba mdogo awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikamthibitisha. Miaka ikapita. Kila tukipiga simu, jibu ni "mambo yanaendelea". Na hatukuuliza zaidi, kwa sababu kwetu kumuuliza mkubwa hesabu huonekana kumwita mwizi.

Kumbe sheria ilishauliza kwa niaba yetu. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, apeleke mahakamani Fomu namba 5 yenye orodha ya mali na madeni yote, labda mahakama imwongezee muda. Kisha, kwa vipindi itakavyopanga mahakama, apeleke Fomu namba 6: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa. Nyumba haikuwa yake hata siku moja. Aliishika tu. Inaniuma kwamba ule ujasiri wa bibi kwenye shamba la migomba ulitutoka mara mali ilipogeuka kuwa ya tofali na hati.

Mwezi uliopita dada yangu alikwenda mahakamani akaomba kuona faili. Fomu namba 5 ilikuwemo, imejazwa vizuri: nyumba, kabati, baiskeli ya baba. Fomu namba 6 haikuwemo. Hakimu akatoa wito.

Usiku ule ule baba mdogo alinipigia.

"Mwanangu, si ungeniuliza?"

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Ndiyo nakuuliza."