Siku Arubaini na Gari Letu Jipya



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumswalia na kumsalimu Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tunaomba ruhusa ya ndugu zetu na akina mama wa jamii hii tuliweke kando somo letu la kawaida. Tuna jambo ambalo limekwisha kuzungumzwa mabarazani na majikoni, ila sisi wenyewe hatukuwapo. Jambo lenyewe ni gari.

Ni kweli, tumenunua Prado. Ni la dizeli, la mwaka 2018, injini yake ni ya lita 2.8, limetoka Japani na kushuka katika bandari yetu ya Mombasa kama yashukavyo magari mengi. Na tumeulizwa, na wachache kwa midomo na wengi kwa macho: Maalim kapata wapi? Hatukuchukizwa na swali hilo. Mtu anayeishi kwa ada za watoto wa watu, kisha akasimama mbele yao kuwahimiza wakinai, hana budi kulijibu. Tuliuza kipande cha shamba la minazi tulichorithi, tukauza na gari letu la zamani, na kilichopungua tukakitafuta kwa njia ya murabaha: benki ikalinunua gari likawa milki yake, kisha ikatuuzia kwa bei iliyotajwa na faida iliyojulikana tangu mwanzo, nasi tunalipa kwa miezi 36. Hakuna hata senti moja ya madrasa iliyoingia humo, wala ya msikiti.

Tulinunua kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mama yetu mzazi, anayeishi Malindi, ambaye magoti yamemchoka na ambaye kila mwezi huja Mombasa kuonana na daktari. Gari letu la zamani lilikwisha kutulaza njiani mara mbili, naye ndani. Hiyo ndiyo sababu tuliyowaambia watu. Lakini tukisema ni hiyo peke yake tutakuwa tumeificha nusu ya habari. Yako magari madogo na ya bei nafuu ambayo yangemfikisha mama salama. Nafsi nayo ilitaka Prado, ikajipenyeza nyuma ya mama, ikaingia naye.

Sasa tuseme tulivyoliona, kwani leo ni siku ya arubaini tangu tukabidhiwe ufunguo. Kipando kizuri ni katika neema za dunia, na dini yetu haikutukataza kukifurahia. Gari hili ni tulivu kuliko tulivyodhani gari la dizeli laweza kuwa. Tuliokulia nyuma ya malori tulijua dizeli kuwa ni mtetemo na moshi mweusi. Hili likishapata moto husikia tu ngurumo ya mbali, kama bahari ukiwa ndani ya nyumba. Nguvu zake hazina papara. Likiwa na watu saba na mizigo yao, hupanda mlima kana kwamba limebeba mtu mmoja. Katika barabara kuu limetupa takriban kilomita 11 kwa lita moja, na tangi lake huchukua lita 87. Mwenye kulijaza hulia siku hiyo moja, kisha akasahau kituo cha mafuta kwa muda mrefu.

Yako pia ya kuchekesha. Kila tuwashapo, sauti ya mwanamke hutusemesha Kijapani. Kijana wetu wa mwisho amekata shauri kwamba anatusalimu, naye humwitikia kwa adabu kila asubuhi. Redio nayo ni ya huko kwao, masafa yake yanaishia 95 ilhali idhaa zetu zinapanda hadi 108, basi tunasafiri kwa tasbihi na mazungumzo, na si hasara. Na akina mama wawili walituletea swali la fikihi. Walisikia kwamba gari hili lina tangi la pili dogo linalotiwa urea, maji maalumu yanayopunguza sumu katika moshi. Wakauliza kwa haya, je, si mkojo huo? Na nguo ikiguswa, mtu aweza kuswalia? Tukawajibu kwamba urea hiyo hutengenezwa viwandani kwa amonia na hewa ya kaboni, ikachanganywa na maji yaliyosafishwa. Haikupita katika kibofu cha mnyama yeyote. Ni tohara, wala msihangaike.

Jambo la kwanza kutufundisha adabu lilikuwa mama yetu. Tulilipeleka gari Malindi kwa fahari, tukalisimamisha mlangoni, tukamfungulia mlango. Alilitazama gari, akatazama mguu wake, akatutazama sisi. “Mwanangu,” akasema, “umeninunulia nyumba ya ghorofa, ngazi iko wapi?” Tulikuwa tumepima injini, tumepima bei, tumepima kila kitu isipokuwa goti la mama. Siku hiyo alipanda kwa kigoda cha jikoni, huku wajukuu wawili wakimshika. Kigoda hicho tangu hapo kinakaa ndani ya gari, nyuma ya kiti cha dereva.

Jambo la pili lilikuwa taa. Wiki ya tatu iliwaka taa ya manjano mbele ya usukani, tukampelekea fundi. Akatuuliza gari linakwenda wapi kwa siku. Tukamwambia: nyumbani hadi msikitini, mita 400, msikitini hadi madrasa, kilomita moja na nusu, madrasa hadi dukani, kisha nyumbani. Fundi akacheka mpaka akaegemea tairi. “Maalim,” akasema, “hili gari unaliua kwa starehe.”

Alitueleza, nasi tunayanukuu maelezo yake kwa kuwa wengi wetu sasa wananunua magari ya namna hii bila kuambiwa. Katika njia ya moshi wa magari ya dizeli ya kisasa mna chujio linalokamata masizi yasitoke nje. Chujio hilo hujisafisha lenyewe, lakini kwa moto: ni lazima gari liende mwendo wa kutosha, kwa muda wa kutosha, moshi upate joto kali hadi masizi yaungue yawe jivu kidogo. Gari likiendeshwa masafa mafupi tu, huzimwa kabla halijapata joto, masizi yakarundikana siku baada ya siku, na mwisho chujio likaziba. Dawa yake haikuwa kifaa kipya. Ilikuwa safari. “Lipeleke Malindi,” akatuambia, “usilizime njiani.”

Fundi mwingine alikuwa na dawa nyingine. Alitaka kulikata chujio na kulitupa, ili tusisumbuliwe tena na taa. Tukamwuliza, na masizi yatakwenda wapi? Akasema, yatatoka nyuma, wewe hutayaona. Ni kweli, sisi tusingeyaona. Wangeyaona watoto wa madrasa wanaotembea kando ya barabara, na mama aliyekaa pale kona na karai lake la mahamri. Msingi wa dini yetu ni kutodhuru, na aliyeketi ndani ya kiyoyozi hana haki ya kuununua utulivu wake kwa vifua vya waliotembea. Tulimshukuru, tukaondoka.

Maneno hayo yalitukumbusha jingine. Tulipolinunua gari, tulionywa tusitie mafuta popote tu, kwani dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiharibu injini. Ni onyo la haki. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei zikaribiane na wachanganyaji wakose faida. Kinga hiyo tunaifurahia sisi wenye injini. Aliyeilipa kila jioni ni mama anayepikia stovu na mtoto anayesoma kwa kibatari. Kabla ya kuwa na gari hili hatukuwahi kulifikiri jambo hilo kwa upande huu.

Jambo la tatu ndilo lililotufanya tuandike.

Kuna mama mjane mtaani petu, mwanawe anasoma kwetu. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukikutana naye baada ya Alasiri pale penye duka la kona, sisi tukitoka msikitini kwa miguu, yeye akitoka kazini. Maneno yetu hayakuzidi dakika mbili. Siku nyingine ni salamu tu, siku nyingine ni swali la swala, na mara moja moja, kwa sauti ya chini: “Maalim, mwezi huu ada itachelewa kidogo.” Nasi tunasema, haina neno, bibi, mtoto asome. Hakuna daftari, hakuna barua, wala hakuna mtu wa tatu aliyesikia.

Juzi mama watoto alirudi kutoka matangani akiwa kimya. Baada ya chakula cha usiku akatuuliza: “Mwanawe fulani yuko madrasa?” Tukafikiri, tukaona aibu. Hatukuwa na hakika. Tukatazama kitabu cha mahudhurio: mtoto hakuonekana kwa siku 16. Mama yake alikuwa amekosa ada. Alisimama pale kona siku tatu akitungoja. Sisi tulipita mara zote tatu, vioo juu, kiyoyozi kikivuma, na vioo vyenyewe ni vya giza. Siku ya tatu kulikuwa na mvua. “Alikuinulia mkono,” mama watoto akatuambia. “Akasema, labda Maalim siku hizi hatuoni. Akaona haya kuja mpaka nyumbani, pana gari kubwa mlangoni.” Basi akamweka mwanawe nyumbani mpaka apate fedha.

Wasomaji wetu, tumefundisha mara ngapi kwamba aliyepanda ndiye humwanza kwa salamu anayetembea? Ni mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), na watoto wetu wa darasa la pili wanayahifadhi. Tulidhani ni adabu ndogo ya ngamia na farasi. Sasa tumeielewa. Anayetembea hawezi kumsimamisha aliyepanda, hana sauti ya kumfikia, na hata akiinua mkono hajui kama ameonekana. Asipoanza wa juu, wa chini hana mlango. Nasi tulikuwa na mtoto mdogo nyumbani anayemwitikia mwanamke wa Kijapani asiyekuwapo, huku jirani yetu akisimama mvuani bila kuitikiwa.

Usiku uleule tulikwenda kwake, sisi na mama watoto, kwa miguu. Tuliomba radhi. Alitusamehe upesi kuliko tulivyostahiki, akatukaribisha chai. Mtoto alirudi darasani Jumamosi. Amekosa sura mbili, na tunamsomesha peke yake baada ya Maghrib, kwani deni hilo ni letu.

Watu wa nyumbani walituuliza kama tutaliuza gari. La. Mama yetu bado ana magoti, na daktari bado yuko Mombasa. Tatizo halikuwa gari, na tukilitupia lawama tutakuwa tumejiokoa kwa urahisi mno. Tumepitisha mambo matatu tu. La kwanza, msikitini na madrasa tunakwenda kwa miguu, swala zote tano, mvua au jua. Na zile hatua za kuelekea msikitini tulizokuwa tukiwahubiria wengine thawabu zake, tuzitafute na sisi. La pili, ndani ya mtaa vioo huwa chini, hata kukiwa na joto la Machi. La tatu, kila wiki mbili gari linakwenda Malindi, kilomita zipatazo 120, kwa sababu fundi ameagiza na kwa sababu mama yupo.

Ajabu ni kwamba daktari wa gari na dawa ya moyo vimeafikiana. Masafa mafupi yalikuwa yakiliua gari na yakituua sisi. Masafa marefu yanalisafisha gari na yanaunga udugu. Zamani tulikuwa tukimwona mama anapokuja kwa matibabu. Sasa tunakwenda hata asipokuwa na miadi, na njiani tunampandisha yeyote anayekwenda Kilifi au Gede, kwani viti saba havikuumbwa vipumzike. Wiki iliyopita tulimrudisha mama kwake. Tulipovuka daraja la Kilifi akatusimulia jinsi watu walivyokuwa wakingoja feri pale kabla daraja halijajengwa, jua likiwachoma, matajiri na maskini kwenye foleni moja, wakigawana maji ya madafu. “Watu walijuana,” akasema. Kisha akasinzia. Taa ya manjano ilikuwa imekwisha kuzimika.

Tunapopanda tunasoma dua tuliyofundishwa, ambayo ndani yake tunakiri kwamba chombo hiki tumetiishiwa, wala kwa nguvu zetu tusingekiweza, na kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Huko hatutakwenda kwa Prado. Tutachukuliwa na jeneza la msikiti, mabegani mwa hao hao majirani wanaotembea. Basi wametustahiki tuwateremshie kioo.

Ukituona barabarani nasi hatukukuona, tafadhali tupigie ukelele. Umepewa ruhusa.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.