Ukurasa wa Manjano

Nilipoanza kazi ya mifumo huku Migori, mipangilio yote ya programu ilikaa ndani ya faili moja, settings.py. Humo mlikuwa na nenosiri la hifadhidata, ufunguo wa siri na, karibu na mwanzo, mstari mfupi: DEBUG = True, yaani dibagi, hali ya kuonyesha makosa kwa kina, imewashwa. Faili hiyo tulipokezana kwa flashi, na haikumtia mtu wasiwasi, maana programu ilitumika kwenye kompyuta ileile iliyoihifadhi.

Django, fremuweki ya Python tuliyoitumia, ilianzia kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Walioitengeneza walikuwa wakikimbizana na muda wa gazeti, na hilo unalihisi ukiwasha dibagi. Programu ikikwama, inakufungulia ukurasa wenye manjano hafifu unaokueleza kosa ni lipi, limetokea mstari upi, na kila kigeu kilibeba nini wakati huo. Mimi Python nimejifunzia kwenye ukurasa ule, katika mji usiokuwa na mtu wa kumuuliza, na bado naupenda.

Mambo yalibadilika programu ilipohamia kwenye seva, kliniki za Migori na Homa Bay zikaanza kuifikia kupitia intaneti. Kazi yake ilikuwa kufuatilia tarehe za wagonjwa kurudi kuchukua dawa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilianza kutoa ARV, dawa za kupunguza makali ya HIV, bila malipo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na kaunti hizi zimekuwa miaka yote miongoni mwa zilizoathirika zaidi na HIV nchini Kenya. Jina la mtu likionekana kwenye orodha kama ile, jirani hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika kliniki moja upande wa Rodi Kopany, sista alijaza tarehe kwa namna ambayo programu haikuitarajia.

"Mwanangu, hebu njoo," aliniita. "Mbona mashine inamtaja mgonjwa wangu?"

Walioupandisha mfumo kwenye seva waliiacha dibagi ikiwa imewashwa. Skrini ilielekea benchi la wanaosubiri. Kwenye ukurasa wa manjano, sehemu ya POST, yaani data ya fomu, ilionyesha yote aliyoyajaza: jina kamili, namba ya simu, kijiji, dawa. Chini zaidi, Django ilikuwa imeficha manenosiri kwa nyota, kama inavyofanya kwa kila mpangilio wenye neno kama PASSWORD, SECRET au KEY. Seva ilikuwa imesitiriwa. Mama aliyekaa kwenye benchi hakusitiriwa. Sista aliigeuza skrini ukutani kabla sijafika mezani, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Dibagi ya Flask, fremuweki nyingine ya Python, ni kali zaidi, kwa kuwa inaweza kumpa anayetazama nafasi ya kuandika amri za Python ndani ya kivinjari. Mwaka 2015 tovuti ya Patreon ilidukuliwa kupitia toleo la majaribio lililoachwa wazi hivyohivyo.

Basi tukaanza kuitoa mipangilio nje ya msimbo. Kwanza tulikuwa na faili mbili, moja ya mezani na nyingine ya seva, lakini flashi zilizichanganya. Kisha tukafuata desturi iliyoenezwa na wahandisi wa kampuni ya Heroku tangu mwaka 2011: msimbo ni uleule popote, ila kila mashine hubeba mipangilio yake katika vigeu vya mazingira. Stima ndiyo iliyotufunza mengine. Kigeu ulichokiweka kwa amri ya export hupotea mashine ikizimika, na huku stima hupotea mara kwa mara. Kwa hiyo tuliviandika kwenye faili ya systemd, inayosomwa kila seva inapowaka, na tukaamua kwamba kigeu kikikosekana, dibagi ibaki imezimwa.

Hata hivyo ukurasa wa manjano ulirudi. Mwanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Rongo, aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi, ndiye aliyegundua sababu. Kwenye seva iliandikwa DEBUG=False, kila mtu aliiona, na kila mtu aliridhika. Lakini kinachosomwa kutoka kwenye mazingira ni maandishi, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Neno "False" lilikuwa likiwasha dibagi. Alibadilisha mstari mmoja, dibagi iwake tu pale thamani inapokuwa "1", kisha akaongeza jaribio la kulinda mstari huo. Sijawahi kuona marekebisho madogo yenye manufaa kama yale.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilipokuja, ilitupa nguvu ya kusema hapana kwa yeyote anayetaka dibagi iwashwe "kwa dakika moja tu" kwenye seva yenye wagonjwa. Tunajaribu kwenye nakala yenye majina ya kubuni, na kabla ya kupandisha toleo tunaendesha manage.py check --deploy, amri inayolalamika ikikuta DEBUG imewashwa.

Kilichobaki ni barua pepe. Dibagi ikizimwa, Django humtumia msimamizi taarifa ya kila hitilafu, nayo inaweza kubeba yaleyale yaliyokuwa kwenye ukurasa wa manjano. Tunaweka alama za sensitive_variables na sensitive_post_parameters juu ya kila sehemu ya msimbo inayogusa jina la mgonjwa, ili thamani zifichwe. Za kliniki ya TB zimekamilika. Za akina mama wajawazito tunaendelea nazo.